Gari Lililoona Mtoto

1

Gari lilisema limeona mtoto.

Nilirudisha sauti nyuma nikasikiliza upya. Siamini jambo kwa kuambiwa mara moja, hasa nikiambiwa na mashine.

"Kiti cha mbele. Mtu mzima mmoja. Mtoto mmoja, mapajani. Mgongano hauepukiki. Mfuko wa hewa umezuiwa ili kumlinda mtoto."

Ni sauti ile ile ya kike, tulivu, inayowakumbusha watu kufunga mkanda.

"Hakukuwa na mtoto," nikasema.

Injinia Hashil Mgaza alikuwa amesimama upande wa pili wa gari hilo lililobondeka, chini ya bati la karakana ya ukaguzi ya halmashauri, ameishika suruali yake kwa vidole viwili isiguse tope. Kampuni ya Kingamwendo ndiyo iliyomtuma Tukuyu kutoka Dar es Salaam. Wao ndio wenye majiendee yote ya wilaya yetu, yale magari yasiyo na dereva. Unaliita kwa simu, linakuja, linaokota wengine njiani, linaondoka. Kiti kimoja mbele, vitatu nyuma.

"Mama mkaguzi, kumbukumbu ya gari haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nimesema hakukuwa na mtoto. Aliyekaa hapo ni binti yangu."

Akaiachia suruali. "Pole sana, mama. Sikuambiwa."

"Sasa umeambiwa."

"Basi labda halmashauri ilete mkaguzi mwingine. Wewe una uchungu."

"Mwingine yuko Mbeya na anaogopa mvua. Una mimi."

Akakohoa, akaanza kwa mzunguko. "Wakati mwingine abiria hupakata mtoto wa jirani, halafu ikitokea ajali wanaficha..."

"Amfiche wapi? Chini ya ulimi?"

Nikamwacha anyeshewe kidogo kwa maji yanayochuruzika kwenye ukingo wa bati, nikaingiza kichwa ndani ya gari.

Nieleze hapa jinsi jiendee linavyofanya kazi, maana wengi wanalipanda kama wanavyopanda kitanda. Jiendee huijua ajali kabla haijatokea. Likiona breki hazitatosha, linajaza mifuko ya hewa mapema, kabla chuma hakijagusa chuma. Mfuko unajaa kwa nguvu ya teke la punda. Mtu mzima anaumwa kifua siku chache, anaendelea na maisha. Mtoto aliyepakatwa anavunjika shingo. Walikufa watoto wengi miaka ya mwanzo, ndipo ikatungwa Kanuni ya Mapaja: gari likiona mtoto mapajani, mfuko wa kiti hicho unabaki umekunjwa. Mtoto atabanwa, ataumia, lakini mara nyingi atapona, kwa kuwa mama yake atamkunjia mgongo. Usoni na shingoni mama atapigwa na chochote kitakachokuwa mbele yake. Ndivyo kanuni ilivyoamua, na sikumbuki mama yeyote aliyelalamika.

Gari linaona kwa mambo matatu: uzito kwenye kiti, umbo linalopigwa picha na jicho la juu ya kioo, na joto.

Chini ya kiti cha mbele niliona sufuria imelala kiubavu, mfuniko umekunjika kama karatasi. Ndizi za mchuzi zilikuwa zimekauka kwenye dashibodi. Kitenge cha binti yangu kilikuwa bado kimefungwa kwenye masikio ya sufuria, mafundo mawili, mafundo ya nguvu.

Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Nilikuwa nimeelewa, na hasira yangu ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Binti yangu Sekela alikuwa anakwenda kumwona wifi yake aliyejifungua Kiwira. Kwetu huendi kwa mzazi mikono mitupu. Na chakula cha mzazi hakikai chini, miguu ya watu inapokanyaga. Hakikai kwenye buti, na madumu ya mafuta na tairi la akiba. Kinapakatwa. Unakifunga kwenye taulo, juu yake kitenge, unakiweka mapajani, unakizungushia mikono ili kifike cha moto. Mkwe wako akikuona unashuka na sufuria kutoka buti, hutasahaulika katika ukoo mzima.

Kwa hiyo kitu chenye uzito wa mtoto, chenye joto la mtoto, kimefungwa kwa nguo ya kubebea mtoto, kimekumbatiwa na mwanamke. Gari lilifanya hesabu yake likapata jibu.

2

"Una muda?" nikamuuliza injinia.

"Basi langu ni jioni."

"Vizuri. Utakula."

Mama lishe wa nje ya geti alikuwa na makande jikoni. Nikachukua sufuria yake ya wastani, nikaifunga taulo na khanga, nikaenda nayo kwenye jiendee zima tulilolifunga kwenye jukwaa la majaribio. Nikamwambia Mgaza akae mbele.

"Mimi?"

"Ni gari lenu. Linakung'ata?"

Akakaa. Nikamwekea sufuria mapajani, juu ya ile suruali.

"Mama, ni ya moto!"

"Ndivyo chakula kilivyo. Ikumbatie."

Gari halikuchelewa. "Mtu mzima mmoja. Mtoto mmoja, mapajani. Mfuko wa mbele umezuiwa. Asante kwa kumshika mtoto vizuri."

Mama lishe alicheka mpaka akashika nguzo. "Hongera, baba! Wa kike au wa kiume?"

Mgaza hakucheka. Hakushangaa pia, na hilo ndilo lililonifanya nimwangalie vizuri. Mtu aliyeona jambo kwa mara ya kwanza anakunja uso. Huyu aliinamisha macho.

"Mlikuwa mnajua," nikasema.

"Nitoe hii kwanza."

"Jibu kwanza."

"Kuna taarifa zilikuja. Sehemu nyingine walikuwa wamebeba uji. Sehemu nyingine maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Tunaita utambuzi wa ziada."

"Mnaita nini?"

"Utambuzi wa ziada."

"Binti yangu amevunjika taya sehemu mbili na jicho la kushoto haliwezi kurudi. Nenda wodini ukamwambie ametambuliwa kwa ziada."

Nikaichukua sufuria, nikamrudishia mama lishe. Mgaza akashuka, mapaja yakitoa mvuke.

Halafu akasema jambo la maana, na sitamnyima haki yake. "Mama mkaguzi, nikikosea huku mtu mzima anaumia. Nikikosea kule mtoto anakufa. Wewe ungeliambia gari likosee wapi?"

"Kwanza ningewaambia wanawake. Mlinyamaza kwa sababu gani?"

"Tukitangaza kwamba mifuko haifunguki, watu hawatapanda."

"Kumbe si mtoto mnayemlinda."

"Ni vyote viwili," akasema, na nafikiri alikuwa anasema kweli. Hilo halikunifanya nimpende.

Kanuni inampa mkaguzi wa wilaya swichi moja yenye nafasi tatu, inayofunguka kwa kidole gumba chake. Nafasi ya kwanza ni kuzuia: ndivyo ilivyokuwa, gari likiona mtoto mfuko haufunguki. Ya pili ni kufungua: mfuko unajaa kila ajali, aliyepakatwa awe sufuria au binadamu. Ya tatu ni kusimamisha: likiona kitu cha moto mapajani kiti cha mbele, gari haliondoki kabisa. Ukigeuza, umegeuza kwa majiendee yote ya wilaya. Hakuna kugeuza kwa gari moja.

"Ya tatu haijawahi kutumiwa popote," Mgaza akasema akipangusa suruali. "Watu watakupiga mawe."

"Na ya pili?"

"Ya pili ukiitumia, mtoto wa kwanza atakayekufa, damu yake iko juu yako."

3

Habari zilinitangulia nyumbani. Nilimkuta mwanamke barazani kwangu, kijana, mtoto mgongoni, hakukalia kiti alichopewa. Aliitwa Atuganile. Nilimjua kwa sura, anachuma chai upande wa Katumba.

"Karibu ndani," nikasema.

"Sikuja kukaa. Nimesikia unataka kufungua mifuko."

"Umesikia kwa nani?"

"Mama lishe wako ana mdomo. Ni kweli?"

"Bado naangalia."

"Angalia hapa basi." Akafungua mdomo. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo, fizi ilikuwa na kovu jeupe. "Mwezi wa mvua uliopita, pale darajani. Nilikaa mbele, huyu mapajani. Mfuko haukufunguka. Nilipiga uso kwenye dashibodi. Huyu hakupata hata mchubuko. Wewe unaona gari limekosea, mimi naliombea kila Jumapili."

"Lako lilikuwa na mtoto kweli. La binti yangu lilikuwa na sufuria."

"Kwa hiyo wangu afe kwa ajili ya sufuria yenu?"

"Usinirushie maneno, binti. Sijasema afe. Kwa nini unapakata mbele? Kaa nyuma."

"Nyuma!" Akacheka bila meno, kicheko kibaya. "Wewe hujapanda jiendee siku nyingi, Mama Sekela, unapanda pikapu la serikali. Ukifika na mtoto, waliomo wote wanasema, mama pita mbele, mbele kuna nafasi, mama mwenye mtoto apewe heshima. Ukisema unataka nyuma, unaambiwa una maringo. Nimpige nani?"

Nikamsogezea kile kiti tena.

"Binti yako angekuwa na akili angeweka sufuria chini," akaongeza.

"Toka kwangu."

"Natoka. Lakini ukigeuza hiyo kitu halafu huyu akapatwa na jambo, nitamleta hapa hapa barazani nimlaze." Akamrekebisha mtoto mgongoni, akashuka ngazi. Yule mtoto aligeuka akaniangalia kwa macho makubwa, vidole vimejaa mdomoni.

Asubuhi yake nilikwenda wodini. Taya la Sekela lilikuwa limefungwa kwa nyaya, anaongea kwa kupitisha maneno katikati ya meno, na kila neno lina mate. Nilimpangusa. Akausukuma mkono wangu.

"Umejua?"

Nikamwambia yote. Sufuria, joto, mafundo mawili. Nikamwambia kuhusu swichi.

"Fungua," akasema.

"Kuna watoto, Sekela."

"Fungua, mama. Walikuwa wanajua. Mimi ndiyo nimelala hapa." Jicho lake moja lilikuwa limenikodolea, jekundu. "Wewe ni mama wa nani?"

"Wako."

"Basi fungua."

"Walete viti vya watoto, nitafungua hata leo."

"Hawataleta. Unajua hawataleta." Akapumzika, akakusanya nguvu. "Wakiogopa kuvunjiwa watoto shingo wataacha kupakata mbele. Wataacha wenyewe."

"Wataacha baada ya wangapi?"

Akageukia ukutani. Muuguzi alipita na sinia la uji, akatuangalia, akaendelea na safari yake.

"Uamuzi wowote nitakaoufanya, nitakuja kukuambia mwenyewe," nikasema. "Hutausikia kwa mtu."

Akavuta shuka mpaka shingoni.

Nilitoka nikakaa kwenye pikapu bila kuliwasha. Nilimtaka Sekela wangu mzima, mwenye macho mawili, anayenijibu kwa kelele jikoni. Hakuna nafasi ya swichi iliyokuwa na hilo. Nilichobaki nacho ni kuchagua nani alipe. Nikibaki na ya kwanza, wataumia akina mama wenye sufuria, kimya kimya, mmoja mmoja, kila mtu akidhani ni bahati mbaya. Nikiweka ya pili, watakufa watoto. Nikiweka ya tatu, nitachukiwa mimi. Ilikuwa hesabu fupi.

Nikaenda ofisini, nikaweka kidole gumba. Kusimamisha.

4

Kesho yake stendi ya Tukuyu ilikuwa imechafuka.

Mvua ilikuwa ile ya kwetu isiyo na haraka. Majiendee yalikuwa yamepanga mstari na hayaendi, kila moja likisema kwa ile sauti tulivu, "Kuna kitu cha moto mapajani. Siwezi kuondoka." Wanawake wenye masufuria walikuwa wanatukana. Mzee mmoja aliyekuwa amepakata jogoo alitaka kujua tangu lini kuku ni mtoto. Niliposhuka kwenye pikapu, mtu alipaza sauti: "Huyu hapa! Ndiye aliyefunga barabara!"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Sufuria ziende nyuma. Watoto waende nyuma. Mbele akae mtu asiyepakata kitu. Gari litaondoka."

"Chakula cha mzazi kikae wapi nyuma?"

"Mapajani, nyuma. Nyuma hakuna mfuko, kuna mgongo wa kiti wenye sponji. Sijakataza kupakata. Nimekataza mbele."

Wengine walielewa, wakaanza kubadilishana wakinung'unika. Mgaza alikuwa amenipigia simu tangu alfajiri na sikuipokea.

Ndipo nikasikia jina langu linaitwa kwa namna ambayo haikuwa ya matusi.

Atuganile alikuwa kwenye kiti cha mbele cha jiendee la tatu, mlango wazi. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amekakamaa, macho yamegeuka meupe, mkono mmoja unatetemeka. Degedege. Nyuma yake wamekaa wanaume watatu, mabega yamebanana, wanaangalia mbele kama watu walio kanisani.

"Halitaki kuondoka," Atuganile akasema. "Fungua hiyo kitu yako. Fungua sasa hivi."

"Kuna kitu cha moto mapajani," gari likasema. "Siwezi kuondoka."

"Fungua, Mama Sekela! Anakufa!"

Kidole changu kingeweza. Swichi inafikika hata kwa simu, na simu ilikuwa mfukoni. Ningegeuza kwa ajili yake na majiendee yote ya wilaya yangegeuka naye, ya Kiwira, ya Katumba, yenye sufuria na yenye watoto, katika utelezi ule. Pikapu langu nilikuwa nimeliacha nyuma ya mstari, limezibwa na magari matatu. Niliyaona yote hayo kwa mara moja.

Nikafungua mlango wa nyuma. "Wewe, shuka."

Mwanamume wa pembeni, mwenye koti la ngozi, aliniangalia kana kwamba nimemwomba ini. "Mimi nimewahi nafasi yangu."

"Shuka ukae mbele. Mama akae hapa."

"Mbele? Kwenye hilo bomu? Mbele ni kwa akina mama."

"Kwa nini?"

"Ni heshima. Wenye watoto tunawapa mbele."

"Mnawapa mbele kwa sababu nyuma ni salama, halafu mnaita heshima. Shuka."

"Usinifokee, mimi si mwanao."

"Ungekuwa mwanangu ungeshashuka."

Nikamshika koti. Si jambo la kujivunia mama wa umri wangu kumvuta mtu kwenye stendi, lakini alitoka, guu moja likaingia dimbwini, na alinitukana tusi ambalo halina haja ya kuandikwa. Akakataa kiti cha mbele, akaondoka kwa miguu kuelekea sokoni, mabega juu.

Nikamtoa Atuganile na mtoto wake, nikawasukuma nyuma. Mwanamume wa katikati, ambaye mpaka hapo alikuwa sanamu, akavua sweta lake akamwekea mtoto chini ya kichwa bila kuambiwa. Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Nikapanda.

"Mtu mzima mmoja," gari likasema. "Mapaja matupu. Mfuko uko tayari."

Likaondoka.

Nilifunga mkanda nikakaa wima. Mbele yangu kulikuwa na dashibodi laini, safi, na nyuma yake mfuko uliokuwa tayari kunipokea mimi, mwanamke mzima, mwenye macho yote mawili. Nilitamani kuupiga ngumi.

"Liambie liongeze mwendo," Atuganile akasema.

"Haliongezi kwenye mvua. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni."

"Najua."

"Mvue nguo. Ana joto."

"Nimesema najua!"

Karibu na mzunguko wa hospitali mtoto alipiga kelele. Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa vibaya, na wote mle ndani tulishusha pumzi, hata yule mwanamume wa upande wa dirisha. Atuganile alianza kulia pamoja na mwanawe, kwa sauti, pasipo aibu.

Mlangoni muuguzi alimpokea mtoto. Atuganile alipiga hatua mbili kumfuata, akasimama, akageuka. Mvua ilikuwa inamwingia mdomoni kwenye lile pengo.

"Nikirudi naye nitakaa wapi?"

"Nyuma."

"Na wakikataa kunipisha?"

"Niite."

"Mimi sikupendi, Mama Sekela. Ungeweza kufungua, ukaacha. Nimekuona unavyofikiria huku mwanangu amekakamaa."

"Usinipende. Niite."

Alinitazama kidogo, kisha akakimbia ndani alikopelekwa mtoto.

Simu ililia tena. Ilikuwa Kingamwendo. Nikaizima, nikakung'uta viatu tope, nikapanda ngazi za wodi ya majeruhi kwenda kumwambia Sekela kwamba sikufungua.